Mulango ya Mbele na Mulango ya Kufulia

Nilirudisha funguo, nilirudisha blouse mbili, nilirudisha na bote, viatu ya mpira yenye ilitobokaka mwaka ya kwanza na hakuna mutu aliibadilisha. Siku ya kuniaga mulinipa kitenge na sinia, docteur mukubwa akasema maneno ya muzuri mpaka nikajiuliza ni nani amekufa. Kisha akasema: "Mama Kahindo, na wewe sema kidogo." Nikasema aksanti, nikaketi. Mulifikiri naona haya. Haikuwa haya. Miaka makumi tatu na kitu kazi yangu ilikuwa kutoka inje na kusema, na siku ile niliogopa kinywa yangu.

Sasa naandika. Nilisoma mpaka darasa ya ine ya primaire, donc mwenye anatafuta Swahili ya kitabu aende kwa bamwalimu. Niko Beni, mu Mulekera, kwa binti yangu. Ndege za kiwanja ya Mavivi zinapita juu ya bati na kuku zinakimbia kila mara kama ni mara ya kwanza. Naandikia nyinyi babinti benye munabaki pa maternité, nyumba ya kuzalisha, kule Butembo: nyinyi ba fille de salle, benye kupangusa damu, na nyinyi ba stagiaire, benye kujifunza kazi, benye munafikiri damu inajipangusa yenyewe.

Siku ya kwanza nilikuwa kabinti, na viatu vya dada yangu, kimoja kinabana kingine kinatoka. Mwenye alinipokea ni Mama Marisiana, muzalishaji wa zamani, mufupi, mikono ya mutu wa kulima. Hakuniuliza jina. Aliniuliza: "Unaweza kuona damu na kisha kula ndizi?" Nikasema ndiyo. Akanipa bassin. Damu niliiona siku ile ile, ndizi nilikula siku ya tatu.

Wakati ule gants, ile mipira ya kuvaa mikononi, hatukutupa. Tulizifua, tulizichemusha, tulizitundika kwa kamba kama mikono ya batu benye hawako. Yenye imetoboka tunaijua kwa kuijaza maji. Javel, ile maji kali ya kuua microbe, nyinyi munasoma kwa karatasi ya bidon. Sisi tulisoma kwa vidole. Ngozi ikiteleza, ni kali. Ikinuka tu, umetia maji ya bure na utaua mutu. Na kulikuwa kapembe ka mbao ka kusikiliza moyo wa mutoto mu tumbo. Leo muko na machine yenye inapiga kelele, muzuri sana, mpaka courant ya umeme inakatika. Mama Marisiana aliniita siku moja, akaniwekesha sikio. Nikasikia kitu kama kuku anadonoa juu ya bati, mbio mbio. Nikalia. Akasema: "Lia, lakini hapana kutia machozi mu kapembe, mbao itaoza."

Alikuwa na sheria moja yenye alirudilia kila siku. "Mutoto akitoka, hapana kusema ni mwanaume, hapana kusema ni mwanamuke. Sema kwanza: analia. Mwenye analia, hiyo ingine itajulikana tu." Mimi niliona ni maneno ya muzee. Basi.

Sasa ile kazi ya kutoka inje. Mwenye anazalisha hana mikono ya kwenda kuambia familia. Mwenye anapangusa anaweza kuacha kitambaa dakika mbili. Njo ikanibakia mimi. Inje, munajua, kuko mabanc ya kuketi mu uwanja, na familia inaketi pale na thermos ya uji na bassin ya nguo: mama mukwe, bashangazi, na baba wa mutoto anajifanya anaangalia moto yake, pikipiki.

Mwaka ya kwanza nilitoka kwa mulango ya mbele, nikapaza sauti na furaha yote: "Mwanamuke!" Juu mimi kwangu mutoto ni mutoto. Baba akasimama. Akasema: "Ya sita." Akabeba thermos ya uji kwa mikono ya mama yake, akaenda nayo. Vile tu. Muzazi ndani anangoja uji. Nilimupa ndizi yangu, akakula akitazama ukuta.

Kutoka siku ile nilijitengenezea njia yangu, hakuna chef mwenye aliniambia. Maternité yetu iko na milango mbili, munaijua. Mulango ya mbele inaangalia mabanc uso kwa uso. Mulango ya kufulia iko pa kando, inatokea kwa kamba za mashuka, na unazunguka kona kisha unafika kwa batu. Mutoto akiwa mwanaume, nilipita mbele, mikono juu, na bamama banapiga vigelegele hata sijasema bado. Akiwa mwanamuke, nilipita kwa kufulia, nakamua shuka moja au mbili, nazunguka pole pole, naambia mama mukwe kwa sikio: "Amezala muzuri. Ni mwanamuke tu." Niliona ninalinda muzazi. Haya ya kona ni kidogo kuliko haya ya mbele ya batu bote. Na nisidanganye: kwa mulango ya mbele kulikuwa na zawadi ya kuku, na sabuni, na kitenge. Kwa kufulia hakuna mutu alinipa hata aksanti.

Mama Marisiana aliniona. Akasema: "Kahindo, unafundisha mulango kusema uongo." Nikamujibu: "Mama, mulango haisemi kitu." Alikuwa muzee, nikafikiri atasahau. Hakusahau, alistaafu tu.

Mwaka ikapita, na Butembo yote ikajua milango yangu. Batu banakuja na muzazi, mbele ya kuuliza bei banauliza: "Kufulia ni upande gani?" kusudi baketi wakiipa mugongo. Munacheka. Na mimi nilikuwa nachekaka.

Kwa bale benye hawako Banande, nieleze kidogo, tangu ba stagiaire ya Kisangani waliniuliza kama kwetu batu bote ni ndugu, juu majina ni yale yale. Kwetu jina haitafutwi. Jina inangojea mutoto. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili Kavira, wa tatu Kavugho, wa ine Mbambu, wa tano Katungu. Banaume nabo bako na mustari yabo. Na kama kumekuja babinti, babinti, babinti, kisha mwanaume akatokea, huyo ni Muhindo, mwenye amegeuza. Muhindo anangojwa kama mvua. Mimi naitwa Kahindo: nilizaliwa nyuma ya ndugu tatu banaume, na mimi niligeuza, lakini kwa ile upande ingine. Kahindo hakuna mwenye anamungoja. Anakuja tu.

Sasa nifike kwa Esperansi, juu njo kwa yeye nilishika bic ya kuandika, hiyo yote ingine ni kuzunguka kona.

Bengi benu munamujua kama titulaire, mukubwa wa maternité, na munamuogopa. Mimi nilimujua stagiaire, mwembamba, na saa ya mukono yenye haitembei. Nilimuonyesha kujaza gants maji. Kiisha miezi tatu alikuwa ananionyesha mimi. Vidole vyake vilikuwa na akili: mutoto amekaa vibaya mu tumbo, Esperansi anaweka mukono, anafunga macho, anasema "kichwa iko huku," na iko huku. Aliniita yaya, dada mukubwa, na mimi sikuwa na mudogo mwanamuke, donc nilikuwa wake.

Aliolewa na Paluku, mucuruzi wa pièces, vipuri vya moto, mutu wa heshima, wa kanisa, anaenda Dubai anarudi. Akazala Masika, kwetu, pa kitanda ya dirisha. Nilipita kwa kufulia. Paluku akacheka: "Muzuri! Wa kwanza atasaidia mama yake." Akazala Kavira. Paluku akasema aksanti. Akazala Kavugho. Paluku akauliza kama mama ni muzima, akavaa kofia. Wa ine, Mbambu, nilibaki kwa kamba nikikamua shuka yenye ilikuwa imekauka tangu asubui.

Mama ya Paluku alitokaka Kirumba na lori ya viazi, anakuja kuangalia mujukuu. Akaketi pa banc, akasema kwa sauti ya kutosha kila mutu asikie: "Huyu anatolea bengine banaume kila siku. Banaume ba kwake anabasahauka mu nyumba ya nani?" Esperansi alisikia kwa dirisha. Kesho yake alirudi kazini, mbele ya siku zake za kupumzika kuisha, na mwanamuke wa kwanza mwenye alimuzalisha akapata mwanaume. Nilipita mulango ya mbele. Vigelegele. Niligeuka, nikamuona anaosha mikono, muda murefu, kama batu banavyooshaka wakati ya Ebola.

Kisha Mungu akafunga. Miaka saba hakuna mimba. Esperansi akafika miaka makumi tatu na kenda, na mwezi wake ukaanza kuruka kama saa yake ile ya zamani. Njo Paluku akarudi safari moja na habari: rafiki yake mucuruzi amepata mutoto mwanaume kwa njia ya docteur, kule Kampala. Banatoa mayai ya mwanamuke, banayachanganya na ya mwanaume mu chupa, banangoja siku tano, banapima, banachagua mwanaume, banarudisha mu tumbo. Paluku alikuwa mutu wa kuchagua piston kwa catalogue. Kwake haikuwa ajabu.

Esperansi aliniambia tukikunja mashuka. "Yaya, utanisindikiza? Dada zangu batasema kwa padri."

"Na mimi padri nitamuambia nini?"

"Ambia tunaenda kupima tumbo."

Hiyo haikuwa uongo. Tulienda. Butembo mpaka Beni, Beni mpaka Kasindi kwa convoi ya magari na basoldat mbele na nyuma, kisha mpaka ya Uganda, kisha barabara yenye inatelemuka muzuri mpaka unajiuliza kama uko hai.

Docteur wa kule alikuwa mutu mupole, na Swahili yake ya Uganda ilitembea na fimbo. Alipima damu, alipima na machine, akaweka karatasi kwa meza. "Mama," akasema, "mwanamuke anazaliwa na mayai yake yote. Hapana tengeneza mengine. Yako imebaki kidogo sana."

Esperansi alikuwa anajua, ni kazi yake. Lakini kujua ya bengine si kujua ya kwako. Akaniangalia nimueleze, kama vile sisi tunaelezaka bamama ya vijiji. Nikasema: "Ni kama gunia ya maharage, Esperansi. Unatoa, unatoa, hakuna mwenye anaongeza. Uko unakwangua chini."

"Tunaweza kukwangua," docteur akasema. "Lakini mimi nasema ukweli. Mutu wa mayai mingi anaweza kuchagua. Wewe, yenye itapatikana, uchukue. Usichague."

Aliitika na kichwa. Mimi pia niliitika. Hii kichwa yangu, miaka yote imekuwa inaitika.

Sasa muchukue hii kama kazi, juu siku moja mutaibeba na nyinyi. Zile dawa ni za sindano, mu tumbo, kila siku saa ile ile, na haziombi jua. Unazitia mu ile boîte ya vaccin, sanduku ya chanjo, na barafu, lakini barafu haigusi chupa, weka kitambaa katikati. Dawa yenye imeganda imekufa. Na ngozi unaibana, hapana kuchoma kama unashona gunia. Esperansi, mwenye alipiga sindano nusu ya Butembo, hakuweza kujipiga. Njo mimi, ya ine primaire, nilimupiga. Alikuwa anasema: "Yaya, unabana sana." Namujibu: "Mwalimu wangu alikuwa mubaya." Mwalimu alikuwa yeye.

Mara ya kwanza docteur alitoa mayai mbili. Moja ikawa mutoto wa mu chupa, siku ya tatu ikaacha kukua. Tulirudi bila kusema mpaka Beni. Mara ya pili, nyuma ya miezi mingi, mayai ine, na mbili zikafika siku ya tano. Docteur akatoa kitu kidogo kwa kila moja, akakituma mbali kupima, na zile mbili akaziweka mu baridi kali. "Rudini nyumbani. Nitapiga simu."

Ile siku ya simu, naikumbuka na harufu yake. Asubui, jua, mashuka kwa kamba. Docteur alikuwa amesema atapiga mbele ya saa sita. Paluku alikuja kuketi pa banc, pamoja na familia ingine, kofia kwa magoti. Hakukuwa na mimba, hakukuwa na thermos, lakini aliketi pale pale. Na ndani Esperansi alikuwa na mwanamuke ya Lubero, mutoto anakuja na matako, mikono yake yote mbili mu kazi, na jasho.

Simu ikalia mu mufuko ya blouse yake.

"Yaya, toa, jibu!"

"Mimi?"

"Jina yako iko kwa karatasi yao. Jibu! Mama, hapana kusukuma, ngoja, ngoja..."

Nikatoa simu, nikasogea pa dirisha. Docteur akauliza kama ni dada. Nikasema ndiyo. Akasema: "Ingine ni mvulana, lakini mgonjwa, hiyo haiwezi kukaa tumboni. Ingine ni mzuri kabisa, nzuri sana. Ni msichana. Mwambie mama aje, tumuweke. Mwambie hii moja ndiyo iko. Asipoteze."

Nikasema aksanti docteur.

Batoto yangu, sikiliza vile nilifanya. Esperansi alikuwa hatua ine na mimi. Ningeweza kungoja ile mutoto wa matako atoke. Ningeweza kwenda kwa sikio yake, juu yeye njo mwenye tumbo. Lakini kwa mwili yangu kulikuwa na miaka mingi ya kusikia "mwanamuke" na kutembea. Miguu ikanibeba. Nilipita mashuka, nikakamua moja, naapa nilikamua moja, nikazunguka kona.

Paluku alikuwa tayari amesimama. Aliniona natoka upande gani. Akapangusa suruali, akavaa kofia.

"Paluku," nikasema, "docteur anasema ni muzuri sana. Ni mwanamuke tu, lakini..."

"Nimeona, Mama Kahindo."

"Anasema njo hiyo moja iko."

"Ibaki mu frigo yake. Tutatafuta Muhindo kwanza." Akawasha moto yake, akaenda.

Ndani, mutoto wa Lubero akalia. Esperansi akatoka na gants bado, uso inacheka, juu alikuwa ameokoa mutu. "Docteur alisema nini?" Kisha akaona banc bila Paluku. Akaangalia kona ya kufulia nyuma yangu. Na yeye alikuwa mutu ya Butembo.

Nilimuambia yote. Aliketi pa banc, fasi, mahali pa Paluku. Akasema pole pole: "Basi ni Katungu." Munaona? Jina ilikuwa imemungojea. Akasema tena: "Katungu wangu ni muzima." Kisha akaniuliza kitu yenye hakuna mutu aliniulizaka mu maisha, mimi wa bassin na kitambaa: "Yaya, nifanye nini? Niende nimuchukue? Ukisema twende, naenda kesho. Paluku atakasirika, atapoa."

Alikuwa amesikia docteur. Na mimi nilikuwa nimesikia. Nilimujibu: "Ngoja. Jaribu tena kwa Muhindo. Katungu haendi fasi yoyote."

Nilisema vile juu nilikuwa nimeona bamama bengi benye banarudi nyumbani na mwanamuke wa tano. Nilisema vile juu nilitaka siku moja tu nimupitie Esperansi mulango ya mbele. Iko mambo mbili, na sijue gani ni kubwa.

Mara ya tatu convoi ilifungwa. Kulikuwa na risasi kwa barabara ya Kasindi, tukakaa Beni siku ine na dawa mu boîte. Barafu ikaisha. Nilienda kwa bamama ya samaki, nikaomba barafu yabo, na mpaka Kampala tulinuka samaki ndogo ya sambaza. Afisa wa mpaka alifungua boîte, akafunga haraka, akasema tupite. Tulicheka. Ilikuwa mara ya mwisho namuona anacheka na meno.

Docteur aliweka machine, akatafuta upande huu, akatafuta upande ule. Akazima. Akasema: "Mama, imeisha."

Chini ya gunia. Esperansi alivaa nguo yake, akafunga kitenge vizuri, akasema: "Basi docteur, nipe Katungu."

Docteur akafungua dossier. Kumbe karatasi inaomba sinyature mbili, sahihi ya mama na ya baba, kwa kila kuweka. Paluku alikuwa amesaini kwa kutoa mayai ile mara. Kwa kuweka hajasaini. "Alete sinyature tu," docteur akasema. "Hata kesho."

Kesho ile haijafika. Tuliporudi, Paluku alikuwa na mwanamuke mwingine Kirumba, mama yake ndiye alimutafutia. Hakumufukuza Esperansi, analipa masomo ya babinti, anakuja Noeli. Mutu wa heshima, nilisema.

Nilienda mwenyewe kwa magasin yake. Aliketi katikati ya minyororo na matairi.

"Paluku, nimekuja juu ya sinyature. Ni kukwangua tu na bic, mutoto wangu. Esperansi hatakuomba kitu ingine."

"Mama Kahindo, karibu. Uliza mutu yeyote hapa Butembo kama nilimupigaka Esperansi."

"Sikuja kwa hiyo."

"Uliza kama nilimutukana."

"Paluku, ni mutoto wako."

Akachukua kitambaa, akapangusa grisi kwa vidole, kimoja kimoja. "Batoto yangu ine bote, nani aliniletea habari?"

"Ni mimi."

"Na huyu wa tano?"

"Ni mimi."

"Ulipita mulango gani?"

Nikaanza kuhesabu matairi.

"Mama, mimi sikutengeneza ile mulango. Mara tano umenitokea kwa mashuka na uso ya kilio. Unanifundisha miaka yote kwamba ni habari mubaya, leo unakuja kuniambia ni habari muzuri?" Akapa muteja mumoja munyororo, akanirudilia: "Sitasaini kwa kitu yenye wewe mwenyewe uliona haya kuipitisha mbele."

Mutu mubaya anaweza kusema kitu ya kweli. Hiyo nayo mujifunze, inauma kuliko javel kwa jeraha. Nilirudi na miguu, sikupanda moto.

Yule mwanamuke ya Kirumba amezala. Sitawaambia nini amezala. Sikuwa pa mulango.

Esperansi leo ako na miaka makumi ine na tatu. Munamuona kila siku, anazalisha batoto ya batu. Hakunitukanaka. Mpaka mwisho alisema "yaya, leta bassin," nikaleta bassin. Kila mwaka docteur wa Kampala anamuandikia kuuliza kama amuhifazi Katungu bado, na yeye anajibu ndiyo. Ni neno moja, anaiandika akisimama. Mimi nilisema Katungu haendi fasi yoyote. Ni kweli. Hajaenda fasi yoyote.

Sasa siku yangu ya mwisho, mbele ya saa ya kitenge na sinia. Asubui Esperansi alizalisha kabinti kamoja ka pa Vulindi, mimba ya kwanza. Mutoto akatoka, akanyamaza, Esperansi akamusugua mugongo, akamusugua, na mutoto akatoa sauti kama mulango yenye haina mafuta. Nikachungulia. Mwanamuke. Nikaweka kitambaa chini. Miguu ikageuka kwa kufulia, kama ng'ombe mwenye anajua njia. Niliisimamisha. Munafikiri ni rahisi, jaribuni siku moja kuambia miguu yenu ya uzee.

Nilipita mulango ya mbele. Mikono juu. Nikapaza sauti yote yenye ilinibakia: "Analia!"

Banc yote ikasimama. Vigelegele. Mukaka wa mutoto, bibi muzee na kilemba ya kanisa, alinikumbatia, akaanza kuimba, alikuwa tayari anafungua kitambaa yake anitolee kitu. "Mwanaume! Aksanti Yezu, mwanaume!"

"Ni mwanamuke, mama. Muzima kabisa. Analia, sikiliza."

Wimbo ikakatika katikati. Akaniachilia. Akaniangalia kwa huruma, batoto yangu, kwa huruma ya kweli, akanipapasa mukono.

"Pole, Mama Kahindo," akasema. "Umezeeka. Umekosea mulango."

Bale bengine bakaketi. Nikageuka. Esperansi alikuwa nyuma yangu pa kizingiti, gants bado mikononi, amesikia yote.

"Yaya," akasema, "leo njo unaijua hii mulango?"

Akarudi ndani. Kulikuwa mwingine anasukuma.